Kucheka Mbele ya Kilio

Kuna neno moja tunalolisikia kila mara mbele ya picha yenye kuchekesha: «Bantu banakufa, na nyinyi muko munacheza?» Mwanzo wa mwaka 2025, wakati Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mu Januari, kiisha Bukavu mu Februari, neno hilo lilirudi kwa nguvu hata huku kwetu Lubumbashi. Mutu akitaka kukusanya wachoraji wachache, kutundika tablo zao fasi moja ili raia waje kuangalia, wapumue, wacheke kidogo, wasomi wetu wanatikisa kichwa. Wanataka picha ilie. Isipolia wanaiita upuuzi, ao mambo ya Wazungu.

Sisi tunakataa, tena kwa jina la desturi ile ile wanayodai kuitetea.

Hivi hawa mabwana hawaendeke ku kilio? Nani mu Katanga hajaona wajukuu wakizuia sanduku lisitoke mpaka walipwe? Wanaiga mwendo wa marehemu, namna alivyokohoa, namna alivyoficha makuta yake. Mjane analia na kucheka saa moja. Hakuna muzee anayewafukuza, maana mjukuu ana haki juu ya babu yake: kumutania akiwa hai, na kumutania akiwa amelala. Mchezo ule haukanushi kifo. Unawapa wafiwa nguvu ya kufika makaburini. Basi ni desturi gani hiyo inayosema mchezo na huzuni havikai nyumba moja?

Tuje ku picha zenyewe. Karibu mwaka 1926 Mbeleji mmoja mtumishi wa Leta, Georges Thiry, alikuta huko Bukama nyumba zilizochorwa kwenye kuta. Picha zilikuwa pale mbele yeye hajafika. Alimupa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe, karatasi na rangi ili kazi yake isipotee pamoja na udongo wa ukuta. Antoinette, bibi ya Lubaki, naye alichora. Mu 1929 picha zile zilionyeshwa Bruxelles. Kiisha, mu 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua Hangar hapa hapa, mji ukiitwa bado Elisabethville. Pili Pili Mulongoy akachora ndege, samaki na nyoka. Bela akapaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga kwa mistari mifupi mifupi. Ilikuwa siku za fimbo na za kazi ya nguvu, na nyoka wa Pili Pili mpaka leo anafanya mtoto atabasamu.

Watatujibu kwamba Desfossés alipenda Afrika ya mwitu tu, pasipo mgodi wala kiwanda. Neno hilo lina uzito, hatulikwepi. Lakini wachoraji wa miaka ya 1970, nani aliwashika mkono? Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi pamoja na damu yake yote. Mu salo za wafanyakazi, picha ya «Colonie belge», yenye mfungwa anayepigwa fimbo, ilitundikwa bila haya karibu na Mami Wata mwenye nywele ndefu. Zote mbili watu waliziita ukumbusho. Mgeni aliingia, akacheka Mami Wata, akauliza juu ya ile fimbo, na muzee akaanza kuhadithia. Kila salo ilikuwa maonyesho, bila tikiti wala hotuba ya muheshimiwa. (Hotuba, tuseme kweli, ndizo zinazochosha watu kwenye maonyesho ya leo.) Na Mufwankolo na kundi lake? Walichekesha mji muzima kwa Kiswahili chetu, na walizungumza juu ya mamlaka kuliko magazeti mingi ya wakati ule.

Mu 2015 Paris iliona «Beauté Congo – Congo Kitoko» kwenye Fondation Cartier: Lubaki, Pili Pili, Chéri Samba, Bodys Isek Kingelez na miji yake ya karatasi ngumu yenye rangi za sikukuu. Novemba 13 ya mwaka ule watu 130 waliuawa katika mashambulio ya Paris. Maonyesho yaliendelea mpaka Januari 2016. Hatukusikia kwamba Wafaransa walikosa heshima kwa wafu wao kwa sababu waliingia pale kupumzisha macho. Walifanya vizuri. Lakini kicheko kilichozaliwa Bukama kinawafariji watu wa Paris, na mtoto wa Bukama anaambiwa angojee kwanza amani! Wanafunzi wetu wangapi wamekwisha kuona picha moja ya Lubaki, hata kwenye fotokopi?

Hatuombe jumba. Kuta za madarasa ziko tupu, na Jumamosi nyuma ya saa sita funguo zinalala kwa mlinzi. Wachoraji wa Katuba na wa Kenya walete tablo zao. Watoto walete mituka yao ya waya, waipange ku mabanki, maana fundi wa waya naye ni fundi. Wazazi waingie bure. Mtoto akicheka mbele ya samaki mwenye kofia, mwalimu asimukemee. Amuulize tu: samaki huyu, unafikiri ni nani?