Bakshishi ni asante, siyo nauli ya pili!

Huku kwetu Nyakunguru tunamshukuru Mungu, Mto Mara unapita, ng'ombe wanakunywa, na stori haziishi.

Wiki hii nataka tuzungumze kitu ambacho kila aliyewahi kupanda meli, pantoni au hata basi la usiku anakijua. Kuna yule bwana anayekubebea begi bila kuombwa, halafu akishalitua anasimama mbele yako anatabasamu kama bwana harusi. Hasemi kitu. Ukijifanya humwoni, anakohoa. Ukiendelea kujifanya humwoni, anakwambia, "Bosi, na ya soda?"

Neno lenyewe ni bakshishi. Asili yake Uajemi, likashuka pwani, likapanda reli mpaka bara, na kila lilipofika likabadilishwa nguo. Wengine wanaliita ya soda, wengine ya maji, wengine ya vocha, na vijana wetu wanaofanya kazi kwenye makambi ya Serengeti wanaita tipu. Majina mengi, mkono ni ule ule.

Ugomvi unakuja kwenye safari za bei chee. Tajiri akilipa mamilioni hana tatizo, anatoa na anasahau. Lakini mimi na wewe tuliodunduliza nauli kwa kuuza debe mbili za mahindi, tukidaiwa tena juu ya nauli, roho inauma. Je, tutoe? Tusipotoa ndiyo tusihudumiwe? Na yule anayeomba, kwani mshahara wake uko wapi?

Tuanzie kwa wenzetu. Mmeziona kwenye picha zile meli nyeupe ndefu kama mtaa mzima, zinazotia nanga Zanzibar kushusha watalii. Msidhani wote waliomo ni mamilionea. Kuna meli za utalii za bei nafuu, mstaafu wa Marekani anajibana mwaka mzima, anakata tiketi, anapanda. Chakula kimo, kitanda kimo, muziki upo. Anajiona kaokota dodo chini ya mnazi.

Kumbe! Bili ndiyo yenye habari. Kampuni nyingi za Marekani zinamwandikia kila abiria dola 16 au zaidi kwa kila siku aliyokaa melini, na jina lake eti ni shukrani kwa wahudumu. Piga hesabu: mke na mume, siku 7, hiyo ni dola 224 na hawajanunua hata soda. Shukrani gani hiyo inayoandikwa kabla hujashukuru?

Basi wengine wanakwenda kaunta wamenuna, wanataka ifutwe, na kampuni nyingi zinakubali kuifuta. Lakini ikifutwa anayeumia siyo tajiri mwenye meli. Anayeumia ni kijana wa Ufilipino au Indonesia aliyetandika kile kitanda, ambaye mapato yake yamepangwa makusudi yategemee hiyo hela. Tajiri kafanya ujanja: tiketi kaionyesha ndogo ili uvutike, mshahara wa mfanyakazi kaupeleka kwenye bili yako, halafu mkigombana, mnagombana nyie wawili. Yeye yuko zake ofisini kwenye kiyoyozi.

Na mtindo huu una mizizi. Huko Marekani, nchi kavu, sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2 na senti 13 kwa saa, alimradi bakshishi zimfikishe kwenye kima cha chini cha kawaida, zisipofika mwajiri aongezee. Kiwango hicho hakijapanda tangu 1991, ingawa majimbo kadhaa yameweka chao kikubwa zaidi. Ndiyo maana Mmarekani akila hotelini anaacha hela mezani kama anayelipa deni. Anajua asipoacha, mtu analala njaa. Nenda Japani sasa, ukiacha hela mezani mhudumu anaweza kukukimbilia akurudishie, akidhani umesahau. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kutoa tipu ndiyo ustaarabu wa dunia nzima. Ni mapatano tu ya watu, na mapatano yanaweza kuwa mazuri au ya kinyonyaji.

Haya, turudi nyumbani. Sisi meli za anasa hatuna, lakini meli za bei chee tunazo tangu enzi. Ziwa Tanganyika kuna mzee mwenyewe, MV Liemba. Alijengwa Ujerumani 1913, akaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, akashushwa majini 1915. Wajerumani wakamzamisha wenyewe 1916 asichukuliwe, Waingereza wakamwibua 1924, akarudi kazini 1927. Miaka mingi Wazungu wa mabegi mgongoni wamekuja kumpanda, kwao ile ndiyo safari ya kitalii ya bei poa. Kwa Muha na Mfipa ilikuwa basi la kwenda sokoni.

Na sisi wa Ziwa Victoria tunayo MV Victoria, iliyoanza kazi 1961, ikakarabatiwa na kurudi majini 2020, inabeba abiria 1,200. Na MV Mwanza nayo ilishushwa majini Februari 2023, ya watu 1,200 vile vile.

Ukipanda meli zetu unakuta madaraja. Daraja la kwanza ana kitanda na mlango wa kufunga. Daraja la tatu ana benchi, au ana mkeka wake, au ana gunia la mtu mwingine la kuegemea. Sasa angalia vituko. Nilisafiri usiku na meli fulani, jina nalihifadhi, tukiwa daraja la walalahoi. Maji ya bomba hayatoki. Choo, usiniulize. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamuuliza mhudumu mahali pa kukaa, akajibiwa, "Mama, hapa ni kujitafutia." Dakika tano baadaye jamaa mwenye koti akampa yule yule mhudumu noti, nafasi ikapatikana. Tena watu waliokuwa wamekaa pale waliinuliwa!

Jamani, ile haikuwa bakshishi. Yule mama alikuwa na tiketi. Kiti kilikuwa chake kwa nauli yake. Alichofanya mhudumu ni kuuza mara ya pili kitu kilichokwisha uzwa.

Hapa ndipo ninapotaka tuache utani kidogo. Maana huduma kwa abiria wa daraja la tatu siyo suala la soda na tabasamu.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu kufika Mwanza ikitokea Bukoba. Meli ile ilitakiwa kubeba watu 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443. Wa daraja la tatu? Hawakuwa na orodha. Soma tena, msomaji wangu. Waliolipa nauli ndogo hawakuandikwa popote. Rais Benjamin Mkapa alitangaza maombolezo ya siku 3, watu wakazikwa Igoma, na mpaka leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa makadirio, zaidi ya 800. Kuna ndugu zao ambao uthibitisho wao pekee kwamba mtu alipanda ni kwamba hajarudi.

Ikapita miaka 22. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara. Uwezo wake watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228, na waliookolewa 41.

Kwa hiyo mtu akiniuliza huduma bora kwenye meli ya bei nafuu ni nini, simtajii godoro. Huduma ya kwanza ni kuandikwa jina. Ya pili ni jaketi la kujiokolea, moja kwa kila kichwa, na kuonyeshwa linavaliwaje. Ya tatu ni mtu wa getini anayejua kusema "imejaa" na akabaki amesema hivyo hivyo hata akionyeshwa noti. Hizi tatu zimo ndani ya nauli, na hazina tipu. Siku getini pakianza kupokea ya soda ili mtu mmoja zaidi aingie, na mwingine, na mwingine, soda hizo ndizo zinazozamisha meli.

Sasa msije mkasema mwandishi huyu anachukia wafanyakazi. La hasha! Tuvuke mto tuingie Serengeti, kwa ndugu zetu kina Mwita na Bhoke wanaopika na kuendesha magari ya watalii.

Kule nako kuna safari za bei chee. Mgeni analala kwenye hema, anakula wali na maharage, kampuni imempa bei ya chini kushinda jirani. Bei hiyo imepatikana wapi? Ada ya hifadhi haipungui, mafuta hayapungui. Kinachopungua ni ujira wa mpishi. Kijana mmoja wa Mugumu aliniambia jinsi alivyoajiriwa: "Mura, bosi alinambia mshahara mdogo lakini usijali, Wazungu wanatoa." Wageni wake wa kwanza walikuwa wanafunzi, nao wamedunduliza kama sisi. Walimpa fulana na biskuti. Mura kakaa porini siku sita, karudi kwa mkewe na biskuti.

Kilimanjaro wapagazi wanayajua haya kuliko wote, wale wanaoitwa wagumu. Mtu anabeba mzigo wa kilo 20 mlimani, kwenye baridi ya kukata masikio, akishuka anangoja bahasha. Bahasha inapewa kiongozi, kiongozi anaingia nayo kona, ikitoka kona imekonda. Ndiyo sababu mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa kuwatetea, unaojulikana kama KPAP, na moja ya mambo wanayowahimiza wageni ni kutoa bakshishi hadharani, kila mpagazi aone chake. Jambo dogo tu, lakini linamaliza wizi wa kona.

Umeona basi? Melini abiria wa daraja la tatu anaibiwa kiti, porini mpishi anaibiwa mshahara, na vyote vinafunikwa na neno moja tamu, bakshishi.

Watanzania tuna historia ya kufunika mambo kwa maneno matamu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, eti ni ukarimu wa Kiafrika, mgombea akiwalisha wapiga kura pilau siyo rushwa. Watetezi wa haki za binadamu wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 Mahakama ikaifuta. Mwaka uliofuata, 2007, ikaja sheria mpya ya kuzuia rushwa, ile ya TAKUKURU, na yenyewe inambana anayetoa na anayepokea. Kwa hiyo usiseme "mimi nilitoa tu".

Utatofautishaje? Mimi nina maswali matatu, yakate uyabandike kwenye mlango wa kabati.

Moja, imeombwa kabla au imetolewa baada? Asante huja baada ya kazi. Ikija kabla, hiyo ni bei.

Mbili, nisipotoa nitapata kile nilicholipia? Kama jibu ni hapana, basi hiyo ni nauli ya pili.

Tatu, anaweza kuipokea mbele ya bosi wake? Akiikunja haraka na kutazama nyuma, wewe mwenyewe umeshajua.

Ikipita maswali yote matatu, toa, tena toa kwa moyo mweupe. Baharia aliyekushikia mtoto wakati mawimbi yanapiga, kuli aliyebeba gunia lako kwa bei mliyopatana asikuongezee, mpishi aliyeamka saa kumi alfajiri kukuchemshia maji, hao wanastahili. Mpe mkononi mwake mwenyewe, usipitishe kwa msimamizi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na kama mfuko umetoboka, mwambie "asante, ndugu yangu" ukimtazama usoni, kisha ukifika mwambie mkubwa wake kwamba yule kijana anafanya kazi. Nayo ni bakshishi, tena kuna wakati inamfaa kuliko noti.

Na wewe mfanyakazi, sheria ya ajira ya 2004 inamtaka mwajiri akuandikie masharti ya kazi na malipo yako. Ukiambiwa "Wazungu wanatoa", jibu kwa adabu, "Sawa mzee, na wewe unatoa shilingi ngapi? Niandikie." Akikasirika, ujue ndiyo kwanza umeuliza swali lenyewe.

Kwenu wenye meli na magari, neno moja tu. Daraja la JP Magufuli lilifunguliwa Juni 2025, mtu wa Mwanza anavuka kwenda upande wa Bukoba kwa magurudumu bila kungoja kivuko. Abiria sasa ana pa kukimbilia. Lipeni watu wenu vizuri, andikeni majina yetu, hayo mengine ya soda tutajua wenyewe.

Haya, nafasi yangu imekwisha. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda, na anayesafiri usiku huu ahakikishe kwanza jina lake limo kwenye orodha.