Kabla ya Filimbi ya Mchakamchaka

Mwaka wangu wa pili kazini, nikiwa mwalimu wa zamu, nilimkuta mvulana wa darasa la tano amejibanza nyuma ya choo wakati wenzake wako kwenye mchakamchaka. Ilikuwa Julai, na kwetu nyanda za juu umande wa Julai unapenya hadi kwenye mifupa. Nikamwamuru aungane na wenzake. Akatii, akakimbia. Ilipofika saa nne alikuwa amelala juu ya dawati, ameshika mapaja, analia bila sauti. Jioni alilazwa. Mama yake alipokuja ndipo nilipolisikia neno selimundu likitajwa kwa mtoto ninayemfundisha. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, baridi na mbio ndivyo vinavyomwangusha." Alishawahi kumweleza mtu pale shuleni, lakini habari haikunifikia mimi niliyeshika filimbi.

Kwa ajili ya mtoto yule nawaandikia, walimu wenzangu, wazazi na wajumbe wa kamati za shule.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, au siko seli kama wengi tunavyoiita. Makadirio ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Zamani wengi wao hawakufikia umri wa kushika kalamu. Leo, kwa wanaogunduliwa mapema, chanjo, dawa za kukinga maambukizi, kinga ya malaria, na dawa ya haidroksiyurea pale inapopatikana, vinawavusha. Wamevushwa hadi mlangoni kwetu, nasi bado tunaendesha shule kana kwamba hawapo.

Chembe zao nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na kiungo kilichonyimwa damu kikauma vibaya mno. Baridi huchochea hali hiyo. Kiu nayo, na uchovu, na homa, malaria ikiwamo. Sasa itazame ratiba yetu: alfajiri mbio, kisha kufagia na kubeba ndoo za maji, kisha kusimama mstarini juani, na chupa ya maji hairuhusiwi darasani.

Jambo la choo nataka nilikazie, kwa sababu ndilo linalowaumiza watoto hawa kila siku pasipo mtu kujua. Figo zao hushindwa kuukoleza mkojo. Hupoteza maji mengi, kwa hiyo sharti wanywe sana na kwenda haja mara kwa mara. Mtoto anayenyoosha kidole mara tatu katika kipindi kimoja hatoroki hesabu. Akinyimwa ruhusa, atajifunza kutokunywa maji ili asiaibike, na kiu hiyo ndiyo itakayomlaza kitandani. Bwenini ni vigumu zaidi, maana wengi wao hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Matroni na patroni, nawasihi: mtoto asianikiwe godoro mbele ya wenzake kwa kitu ambacho figo zake zimeshindwa.

Wenzake watamtania pia kwa macho ya njano na umbo dogo kuliko umri wake. Hapo sauti ya mwalimu inatosha. Lakini akishikwa na homa, asisubiri kengele ya mwisho. Bandama yake mara nyingi imekwisha kuharibika tangu utotoni, na maambukizi humwendea mbio. Apelekwe kituo cha afya saa ileile. Vivyo hivyo akilegea upande mmoja wa mwili au maneno yakimkwama ghafla, maana kiharusi huwapata hata watoto.

Tusiwaone kama watu wasiofika mbali. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alipochapisha maelezo ya chembe hizi zenye umbo la mundu, mgonjwa wake alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno, Walter Clement Noel, kutoka Grenada. Kijana yule aliugua mara kwa mara, akamaliza masomo, akarudi kwao kufanya kazi aliyoisomea. Hata katika ofisi zetu za walimu wamo wanaofundisha huku wakiishi na selimundu. Mwalimu mkuu asiyempangia mwenzake zamu za alfajiri za msimu wa baridi hampendelei.

Na ninyi wazazi, msifiche. Najua aibu inatoka wapi: akina mama wengi wametupiwa lawama peke yao, ilhali mtoto hurithi vinasaba hivyo kwa baba na mama wote wawili. Baba, nenda shuleni wewe, ukiwa na kadi ya kliniki mkononi.

Shule zikifunguliwa Januari, kila mwalimu wa darasa awaulize wazazi kama kuna mtoto mwenye selimundu. Akiwapo, awe na chupa yake ya maji juu ya dawati, sweta hata kama si la sare, na ruhusa ya choo isiyohojiwa. Asichapwe, asikimbizwe. Akirudi kutoka wodini, mtu amsaidie kunakili masomo yaliyompita. Na jina lake liandikwe kwenye daftari la zamu linalokaa kwa walimu, ili mwalimu wa zamu wa Julai alisome kabla hajapuliza filimbi.