Usukani Unapotetemeka, Usikimbilie Kununua Spea

Iwapo wewe ni miongoni mwa wale ambao bado wanalitunza gari la mzee aina ya Peugeot 504, huenda tatizo hili unalijua. Mnaondoka mjini kwenda mashambani, watoto wameketi nyuma, gari limetulia. Mara tu mshale unapokaribia kilomita 80 kwa saa, usukani unaanza kutetemeka mikononi mwako kama ungo wa kupepetea mahindi. Ukimweleza fundi, aghalabu atakujibu papo hapo kwamba ni bol-jointi, ulete pesa. Ngoja kwanza.

Gari hili, lililotolewa mwaka wa 1968, lilishinda mashindano ya Safari Rally mnamo 1975 na tena 1978, kwa hivyo si nyanya. Lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa tu, na mashimo ya barabara zetu hayajali sifa za zamani.

Anza kwa kuchunguza ni wakati gani linatetemeka. Likitetemeka katika mwendo fulani tu, kisha likatulia ukipunguza au ukiongeza kasi, basi magurudumu yanahitaji kubalansiwa, kazi isiyogharimu pesa nyingi. Likitetemeka unapokanyaga breki tu, tazama diski za mbele. Na lile gari la kutolewa Jumapili moja kwa mwezi huwa na ugonjwa wake: tairi hubonyea mahali zilipokalia, zikatikisa usukani kilomita chache za kwanza hadi zipate joto. Soma pia tarakimu nne za tarehe ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Wengi hutazama meno ya tairi tu, na wanasahau umri.

Tairi zikiwa sawa, sasa shuku viungo. Egesha mahali tambarare, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, inua upande mmoja wa mbele na uweke stendi imara. Jeki peke yake usiiamini hata kidogo. Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki huku wewe ukiendelea. Mchezo ukitoweka, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, shuku bol-jointi ya chini. Mafundi wengi huruka hatua hii ya breki, ndipo mwenye gari akanunuliwa kiungo ambacho hakikuwa kibovu.

Kisha shika kushoto na kulia. Likicheza hapo, tazama ncha za tairodi, vile vyuma vinavyosukuma gurudumu unapokata kona. Teremsha gari, mtu azungushe usukani kidogo huku na huku, nawe uweke vidole juu ya kiungo. Kilichokwisha utakisikia kikigonga. Kagua pia kile kifuniko chake cha mpira. Kikipasuka, grisi hutoka, vumbi na maji huingia, na chuma huanza kula chuma. Kupaka grisi juu yake ni kujidanganya.

Bol-jointi inayocheza si jambo la kungojea mwisho wa mwezi. Ikichomoka njiani, gurudumu hulala upande na usukani hauna kazi tena. Gari lisiondoke hapo, hata kama safari ilipangwa tangu Krismasi.

Wakati wa kufungua ncha ya tairodi, fundi ahesabu mizunguko ili mpya irudi karibu na pale pale, kisha gari lipelekwe kupimwa alainimenti. Na iwapo litaendelea kutetemeka baada ya hayo yote, tazama kingo za tairi kabla ya kugombana naye. Zilizoliwa vibaya na kiungo cha zamani hutetemeka hata kiungo kikiwa kipya.