Ngumi inahitaji ushirika kama ule wa Shiraz

Mwaka 1928 ilitoka filamu bubu iitwayo Shiraz, iliyopigwa India. Ni kisa cha mtoto wa mfinyanzi anayempenda Selima, msichana aliyelelewa naye nyumba moja. Wauza watumwa wanamteka Selima na kumuuza kwa mwanamfalme, ambaye baadaye anakuwa mfalme Shah Jahan. Selima anakuwa malkia. Anapofariki, Shiraz, sasa mzee kipofu, ndiye anayebuni kaburi lake, Taj Mahal. Historia haisemi hivyo, lakini ni kisa kitamu.

Mfanyabiashara atazame hesabu ya filamu hiyo. Himansu Rai, Mhindi aliyeisimamia na kuigiza kama Shiraz, hakuwa na kila kitu. Mwandishi Niranjan Pal alileta kisa. Mwongozaji, Franz Osten, alitoka Ujerumani. Kampuni za British Instructional Films ya Uingereza na UFA ya Ujerumani ziliingia ubia. India ikatoa waigizaji, majumba ya kifalme, tembo na ngamia. Kila mmoja alileta alichonacho. Ujuzi nao haukupotea: mwaka 1934 Rai alianzisha Bombay Talkies, na Osten akaenda kufanya kazi huko.

Pwani yetu imekuwa mteja wa sinema za Kihindi kwa miaka mingi, kuanzia Unguja na Mombasa hadi Mogadishu. Sasa tuuze chetu.

Chukua Ngumi, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Kismayo. Kina magofu ya mji wa kale, na watu wake ni mabaharia na wavuvi wa tangu jadi. Vita vilivyozuka mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni wengi, baadhi wakakimbilia Kenya. Wazee wanaojua visa vya visiwa hivyo kwa Kibajuni wanazidi kupungua. Mzee akizikwa, kisa chake kinazikwa naye.

Wapo watakaosema usalama bado ni mdogo. Ni kweli, na hakuna anayestahili kuhatarisha maisha kwa ajili ya filamu. Basi tuanzie Kiunga na Faza, upande wa Kenya, ambako Kibajuni ni lugha ya nyumbani. Kamera zitoke Nairobi, wahariri Dar es Salaam, jahazi Lamu, na waigizaji watoke kwa Wabajuni wa pande zote mbili za mpaka. Hali ikiruhusu, kazi ihamie Ngumi.

Somalia ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 ana cheti chepesi cha uasili kinachomrahisishia kuvuka mpaka. Watengeneza filamu nao wapewe utaratibu mwepesi kama huo: kibali kimoja cha kupiga picha, na ruhusa ya kuvusha vifaa bila ushuru mradi virudi vilikotoka. Nanyi wafanyabiashara mwekeze hata kidogo kidogo. Kisa kikipata soko, faida ni yenu pia.