Kiasi si kujinyima

Apitaye Mukuru kwa Reuben alfajiri, wakati akina mama wanapoelekea viwandani, hukutana kwanza na harufu ya mandazi. Ndicho chakula kishibishacho kwa shilingi chache. Jumapili ifikapo, baadhi yao huambiwa kanisani kuwa unene ni matokeo ya ulafi, na dawa yake ni kufunga.

Shutuma hiyo haina haki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban theluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kipimo. Je, wote hao ni walafi? Hasha! Unga uliokobolewa, sukari na mafuta ya kupima ndivyo vinavyolingana na mfuko wa maskini, na ndivyo vinavyokaribisha kisukari na shinikizo la damu.

Katika orodha ya Paulo ya tunda la Roho, Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 ilitumia neno "kiasi". Kiasi ni kipimo, wala si kujinyima. Lamtaka mtu apunguze sukari katika chai, si aache kula. Isitoshe, mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa akifunga bila ushauri wa daktari, aweza kuanguka.

Basi kanisa na lianzie mezani pake. Baada ya ibada, badala ya soda na mandazi, ziandaliwe githeri, sukuma wiki, ndizi na maji safi. Mama atakayeketi hapo atarudi nyumbani na maarifa, si aibu.