MOTOKAA YA KUFUNGWA UPESI, FUNDI WA KULAUMIWA

Ndugu Wanachama,

Sisi mafundi wa karakana tumechoka kuitwa wavivu. Barua zatoka ofisini zikiuliza kwa nini pikapu moja imelala karakana siku mbili kwa sababu ya kitu kidogo. Leo twajibu, na jibu letu ni hili: motokaa za siku hizi zimeundwa ili zifungwe upesi kiwandani, wala si ili zifunguliwe tena na fundi.

Tazameni kazi ya kiwandani ilivyo. Mara nyingi injini na giaboksi huunganishwa kwanza mahali peupe, kisha huinuliwa kutoka chini na kuingizwa ndani ya bodi. Mfungaji aona kila bolti. Baadaye huja mabomba, nyaya na bampa, kimoja juu ya kingine. Sisi ndio twafika mwisho, na bolti tunayoitafuta ndiyo iliyotangulia kufungwa. Ziko motokaa ambazo kubadilisha balbu ya taa ya mbele ni lazima kwanza kung'oa bampa lote. Bampa lenyewe limeshikwa na vibanio vya plastiki. Mfungaji huvisukuma kwa kidole, basi. Sisi tukivitoa vyavunjika, na mwenye gari asema tumemharibia. Beringi ya gurudumu zamani tuliisafisha, tukatia grisi, tukakaza nati. Sasa mara nyingi imezibwa pamoja na habu, ikifa yanunuliwa yote. Tena kuna kompyuta: kifaa kipya kimekwisha fungwa, lakini motokaa yakikataa mpaka kitambulishwe kwa mashine maalum ambayo hatunayo.

Wako watakaosema kwamba hayo ndiyo maendeleo. Hatukatai ya kwamba motokaa mpya humlinda abiria kuliko za zamani. Lakini kufunga upesi na kutengeneza kwa urahisi si maadui. Mwaka 1913 kiwanda cha Henry Ford huko Highland Park, Marekani, kilianza kusogeza motokaa mbele ya wafanyi kazi waliosimama, na muda wa kufunga chesisi ukashuka kutoka saa 12 na zaidi mpaka kama saa moja na nusu. Hata hivyo Ford Model T ile ile ilitengenezwa na wakulima mashambani kwa spana chache.

Na sisi watu wa reli tunao ushahidi wetu. Nendeni Makumbusho ya Reli hapa Nairobi mkaitazame ile injini ya moshi ya Garratt, iliyoundwa Manchester katika miaka ya 1950, uzito wake tani 252. Vyuma vinavyozungusha magurudumu viko nje, fundi avifikia amesimama. Walioichora walijua ya kwamba itatengenezwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliochora motokaa za leo hawajalala chini yake.

Hapa Kenya mzigo ni mara mbili. Kanuni yaruhusu motokaa iliyotumika kuingia nchini mradi haijapita miaka 8, na nyingi zatoka Japani. Basi faida ya kufunga upesi ilibaki kule. Motokaa yashuka Mombasa umri wa kuharibika umefika, na taabu yaangukia mikono yetu, na ya ndugu zetu wa Kirinyaga Road.

Kwa hivyo twadai mambo matatu:

1. Saa za kazi zihesabiwe kwa kazi yenyewe, pamoja na kung'oa na kurudisha, wala si kwa makisio ya mtu asiyeshika spana.

2. Kabla ya kununua motokaa za kazi, wakubwa watuulize sisi, na boneti ifunguliwe mbele yetu.

3. Chama chetu kiungane na vyama vingine kuidai Serikali sheria ya kuwalazimisha waundaji wampe fundi yeyote vitabu vya kazi na njia ya kuingia katika kompyuta za motokaa. Hii si ndoto. Wapiga kura wa Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya uliweka yake mwaka 2007.

Barua ijayo isiulize kwa nini fundi amechelewa. Iulize ni nani aliyeichagua motokaa hiyo.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi,
Mafundi wa Karakana