Bawa la Texas na Ubishi wa Kilo

Wako wataalamu wasemao kuwa mnyama mrefu kama twiga hawezi kupaa hewani hata apewe mbawa. Mimi nawapinga, na shahidi wangu ni mfupa.

Mwaka 1971 mwanafunzi Douglas Lawson aligundua huko Big Bend, Texas, mifupa ya bawa la kushoto. Mwenye bawa aliishi zamani za madinosaria, naye akaitwa Quetzalcoatlus, kwa jina la mungu wa kale wa Mexico, nyoka mwenye manyoya. Si ndege, wala si dinosaria. Ni katika jamii ya materosauri, ambao bawa lao ni ngozi iliyotandwa kwa kidole kimoja kirefu. Popo hutanda yake kwa vidole kadhaa. Huyu kimoja tu kilimtosha!

Lawson alikisia kuwa ncha ya bawa hadi ncha ni mita 15 na nusu. Siku hizi wamepunguza, husema 10 au 11. Hata hivyo, albatrosi, bingwa wa ndege walio hai, hafiki mita 4.

Ubishi ni uzito. Wako waliosema kilo 70. Mwaka 2010 Donald Henderson wa Kanada alipiga hesabu akapata 544, akahukumu kuwa hakuruka. Sasa, msomaji, tazama hukumu hiyo imesimama juu ya nini. Uzito haukuchimbwa ardhini. Nyama ilikwisha oza. Kilo ni makisio ya mtu. Kilichochimbwa ni mfupa, nao una uvungu ndani na kuta nyembamba, na ule wa mkono wa juu una ukingo mpana wa kushikia misuli ya kurukia. Mbuni alipoacha kuruka mbawa zake zilisinyaa. Mbona za huyu hazikusinyaa?

Mwaka huo huo Mark Witton na Michael Habib walijibu: kilo 200 hadi 250, na aliruka. Habib ashikilia kuwa alijirusha kwa miguu yote minne, kama afanyavyo popo mnyonya damu. Wengine, walioandika mwaka 2021, wasema alichupa kwa miguu ya nyuma ndipo akapiga mbawa. Hapo nawaachia wabishane.

Linaloniudhi ni zile picha zimwonyeshazo mzima, kichwa, shingo na kifua, kana kwamba vyote vilichimbwa. Sehemu hizo zimekisiwa kwa binamu yake mdogo, Quetzalcoatlus lawsoni, wa mita 4 na nusu, aliyepatikana hapo hapo Big Bend kwa mifupa mingi. Mchoraji angeandika chini yake: bawa ni lake, kichwa ni cha jamaa.